Spoti Rimu kwenye Njia za Mbagala na Madale

Spoti rimu ni gurudumu la aluminiamu lililomiminwa kwenye kalibu likatoka kipande kimoja: habu katikati, mikono mitatu, mitano au sita, na ukingo unaoshika tairi. Kwenye vijiwe vya bodaboda vya Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam, hilo ndilo pambo ghali kuliko mengi ambayo kijana huivalisha pikipiki yake. Stika, vishada vya usukani, kiti kilichoshonwa kwa rangi za Simba au Yanga, vyote hivyo ni vya hela ya kawaida. Jozi ya rimu za dhahabu, nyekundu au bluu ni ya kuwekea akiba. Na wakati stika ikibanduka hakuna anayeumia, rimu ndiyo inayobeba pikipiki, dereva, abiria na mzigo wake. Kwa hiyo suala la kama inafaa haliamuliwi kwa macho tu.

Kupamba magurudumu hakukuanza na pikipiki. Baiskeli za Phoenix na Raleigh, zilizotumika Afrika Mashariki kwa miongo mingi, zilivishwa shanga za plastiki kwenye spoku na vikuku vya manyoya ya rangi kwenye habu, ambavyo mbali na kupendeza vilikuwa vikifuta vumbi kila gurudumu lilipozunguka. Bodaboda yenyewe ilianza ikiwa baiskeli, mpakani mwa Kenya na Uganda kule Busia katika miaka ya 1960, na ilipogeuka pikipiki haikuyaacha manjonjo hayo. Hadi leo pambo la bei nafuu halijabadilika sana: mirija ya plastiki inayovishwa spoku moja moja, ukanda wa reflekta unaobandikwa kuzunguka rimu, vifuniko vya valvu vinavyowaka. Hayo hayabebi mzigo, na dosari zake ni ndogo. Mirija hufungia maji na matope ndani, spoku ikaliwa na kutu bila mtu kuiona. Reflekta ni ya kusifiwa kabisa, maana pikipiki inayokatiza Barabara ya Kilwa usiku haina taa ubavuni, na ule mduara unaong'aa ndio unaomwambia dereva wa lori kwamba mbele yake kuna chombo.

Pikipiki nyingi za biashara zinazouzwa Tanzania, Bajaj Boxer zikiwa miongoni mwake, huja na magurudumu ya spoku, kwa kawaida 36 kila moja. Spoku ni waya mwembamba na haiwezi kusimama kama nguzo. Nguvu yake iko katika kuvutwa. Nati zote 36 zikikazwa, kila spoku inavuta ukingo kuelekea habuni, na mivuto hiyo ikilingana rimu hukaa sawa. Uzito ukija, spoku zilizo chini wakati huo hupungua mvuto kidogo, zikipanda juu hurudi kama zilivyokuwa. Ule mpangilio wa spoku kupishana, badala ya kunyooka moja kwa moja kutoka habuni, ulipata hataza mwaka 1874 kwa jina la James Starley wa Coventry, Uingereza, aliyekuwa akiunda baiskeli. Ndio unaoruhusu nguvu ya mnyororo na ya breki ipite kwenye waya pasipo kuukunja.

Tairi ya 2.75-17, saizi inayotumika sana mbele kwenye pikipiki hizi, ina mzingo wa takriban mita 1.8. Katika kilomita moja huzunguka kama mara 560, na dereva anayetembea kilomita 100 kwa siku atakuwa amekilegeza na kukivuta kila kijiti cha waya zaidi ya mara 50,000 kabla ya kulala. Ndiyo maana spoku kwa kawaida haikatwi na shimo moja. Inakatika kwa kuchoka, mara nyingi kwenye kiwiko chake kinachoingia habuni, na ile iliyolegea ndiyo hutangulia, kwa kuwa yenyewe huachia kabisa kisha ikavutwa kwa kishindo. Ikikatika moja, jirani zake hubeba mzigo wake, na dereva asiyejali ataletwa gerejini na gurudumu linaloyumba huku spoku nne zikining'inia.

Fundi wa Buza au Tandika anayeijua kazi yake hahitaji mashine kulirudisha gurudumu hilo. Husimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, hulizungusha gurudumu kwa kidole, na taratibu hulisogezea kipande cha chaki mpaka kiguse ukingo. Palipobaki alama nyeupe ndipo rimu ilipotoka nje. Hapo atalegeza kidogo spoku za upande huo na kukaza za upande wa pili, azungushe tena, apime tena. Akimaliza hupita spoku zote akizigonga kwa spana ndogo huku akisikiliza. Iliyokaza hulia kwa sauti nyembamba, iliyolegea hutoa mlio mzito uliokufa. Spoku mpya huuzwa mojamoja kwenye maduka ya spea ya mitaani, na kazi yenyewe haimmalizii dereva siku. Fadhila hiyo ya spoku haionekani kwa anayeitazama pikipiki ikiwa imeegeshwa.

Magurudumu ya kumiminwa yalizoeleka kwenye pikipiki za kawaida kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1970. Yamaha, kwa mfano, iliiweka RD400 sokoni mwaka 1976 ikiwa nayo. Yalitoka kwenye mashindano, na faida zake ni za kweli. Hayalegei, hayahitaji kukazwa, hubaki kwenye mstari hata pikipiki ikilazwa kwenye kona kwa mwendo mkali, na kwa kuwa ukingo hauna matundu ya spoku yanaweza kutumia tairi isiyo na tyubu. Baadhi ya pikipiki za TVS HLX zinazofanya bodaboda mjini zina magurudumu ya namna hii tangu kiwandani, nayo yamedumu vizuri. Tatizo si aluminiamu.

Vijana wengi husema spoti rimu ni nyepesi. Kwa madini hawajakosea: kwa ujazo ule ule, aluminiamu ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma. Ila gurudumu la kumiminwa haliwezi kuwa jembamba kama waya. Mikono yake lazima iwe minene ili isipasuke, na kiwanda kinachouza kwa bei ya chini hufidia ubora mdogo wa madini kwa kuongeza unene. Matokeo yake, rimu ya rangi iliyonunuliwa Kariakoo inaweza kulingana na ile ya spoku iliyovuliwa, au hata kuizidi. Uzito unaozunguka nao una adha yake, kwa sababu injini inausukuma mara mbili: mara moja kwenda mbele na pikipiki, mara nyingine kuuzungusha. Anayesimama na kuondoka mamia ya mara kwa siku kwenye foleni ya Mwenge atauona kwenye matumizi ya petroli, ingawa kidogo.

Jambo zito zaidi ni namna kila gurudumu linavyoharibika. Ukingo wa chuma ukigonga jiwe hubonyea. Tyubu inaweza kutoboka na pikipiki ikaanza kurukaruka, lakini dereva atafika kwa fundi, na fundi atanyoosha kwa nyundo na kipande cha mbao. Aluminiamu ya kumiminwa haina uvumilivu huo. Hustahimili pigo mpaka kikomo chake, kisha hupata ufa, na ufa huo unaweza kuanza kwenye shina la mkono mmoja ukawa mwembamba kama unywele, ukakua polepole kwa wiki kadhaa chini ya rangi. Siku ya kuachia, huachia kwa ghafla. Kwa gurudumu la nyuma hilo ni janga dogo. Kwa la mbele, pikipiki ikiwa kwenye mwendo, hakuna cha kuokoa.

Hapo ndipo jiografia ya Dar es Salaam inapoingia. Mradi wa uendelezaji wa jiji unaofahamika kwa kifupi chake cha DMDP, ulioanza mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliweka lami kwenye mitaa mingi ya Kinondoni, Ilala na Temeke, na pikipiki inayoshinda Sinza, Mwananyamala au Temeke mjini inaweza kumaliza siku bila kugusa vumbi. Lakini bodaboda inalipa zaidi pale daladala inapoishia. Abiria anashuka Mbagala Rangi Tatu, na nyumba yake iko ndani kule Toangoma au nyuma ya Chamazi, kwenye njia za mchanga zinazochimbika kila mvua. Upande wa kaskazini anashuka Tegeta au Bunju kwenda Madale, Wazo na Mabwepande. Ardhi ya huko ni ya mawe ya chokaa, yale yale yanayolisha kiwanda cha saruji cha Wazo kilichoanza kazi mwaka 1966, na njia zake zina vichwa vya mawe vinavyochomoza ardhini vikiwa na kingo kali.

Mchanga peke yake hauiumizi rimu. Jiwe la Madale ndilo linaloiumiza, pamoja na ukingo wa lami uliomeguka, ambapo pikipiki inapanda kutoka kwenye vumbi kwa kishindo kila mara dereva anapokwepa daladala. Masika yakianza Machi maji hufunika mashimo, na hakuna ujuzi wa dereva unaosaidia kuona lililo chini ya dimbwi. Kwa njia hizo spoku inafaa kuliko spoti rimu, na ikiwa ni spoti rimu isiyotengenezwa na kiwanda cha pikipiki yenyewe, haifai kabisa kukaa mbele. Kwa anayebaki kwenye lami, mambo yanabadilika.

Yanabadilika hasa kwa sababu ya pancha. Tyubu ikichomwa na msumari hupoteza upepo kwa dakika chache, wakati mwingine papo hapo, na kuiziba ni kuvua gurudumu, kubandua tairi, kubandika kiraka na kurudisha vyote. Tairi isiyo na tyubu huushika msumari uliobaki mwilini mwake na kuvuja polepole. Huzibwa kwa nje, kwa kamba ya mpira iliyopakwa gundi inayosukumwa kwenye tundu, gurudumu likiwa mahali pake. Kwa mtu ambaye kila saa ya kusimama ni hela iliyopotea, faida hii inazidi ya urembo wote. Inasikitisha kwamba wengi wanaofunga spoti rimu huendelea kutumia tyubu ndani yake, ama kwa mazoea ama kwa sababu tairi ya zamani ilikuwa bado nzima, na hivyo hulipia gurudumu ghali wakiacha faida yake kubwa mezani kwa muuzaji. Lakini hata ubora huo una sharti: ukingo ukibonyea kidogo tu, tairi haikai sawasawa na upepo hutoka taratibu usiku kucha, na hapo tyubu hurudishwa kwa lazima.

Kufunga rimu isiyo ya pikipiki husika huleta matatizo ambayo duka halitayataja. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, kebo ya spidomita huanzia kwenye habu ya mbele; habu mpya isiyo na meno yake huua spidomita siku hiyo hiyo. Breki za aina hii ya pikipiki mara nyingi ni za ngoma, na ngoma iko ndani ya habu. Kipenyo chake kikizidi hata kwa milimita chache, brekishuu za zamani hugusa sehemu ndogo tu na dereva hujikuta akikanyaga mpaka mwisho bila pikipiki kusimama. Habu ya nyuma hubeba pia sproketi na mipira ya kupunguza mtikisiko wa mnyororo. Kama upana haukulingana, fundi huongeza vyuma vya kujazia pembeni mwa ekseli, gurudumu likakaa upande mmoja, mnyororo ukaenda mshazari, na sproketi ikaliwa upande kabla ya wakati wake. Beringi nazo hufuata.

Tairi pana ni jamaa wa spoti rimu; mara nyingi hununuliwa pamoja kwa sababu rimu ya mikono mikubwa na tairi nyembamba haviendani machoni. Tairi ya nyuma iliyo sahihi kwa Boxer nyingi ni 3.00-17, yaani upana wa inchi 3 na kipenyo cha rimu cha inchi 17. Ukipandisha upana sana tairi husugua mnyororo au mkono wa nyuma abiria anapokaa. Rimu nyembamba nayo huibana tairi pana ikawa duara mno, ikaguswa na barabara katikati tu na kuisha mapema hapo.

Ubavuni mwa tairi kuna maandishi mengine yasiyosomwa. Penye 50P, namba 50 ina maana ya mzigo wa kilo 190 na herufi P mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Hakuna bodaboda inayofika mwendo huo. Mzigo ni habari nyingine. Pikipiki ya kilo 115, dereva wa kilo 65 na abiria wawili wa mshikaki, yaani waliopakiwa kwa pamoja, wenye kilo 130 kwa jumla hufanya kilo 310, na abiria wakikaa nyuma kama inavyokuwa, theluthi mbili ya uzito huo, zaidi ya kilo 200, huishia kwenye gurudumu la nyuma. Kanuni za mwaka 2010 zilizorasimisha usafiri wa bodaboda ziliruhusu abiria mmoja tu. Spoku iliyokazwa vizuri huusamehe mshikaki kwa muda, kwa kulia na kukatika moja moja. Rimu ya kumiminwa isiyo na alama yoyote ya kipimo haionyi. Gurudumu linalostahili kuaminiwa lina saizi yake iliyochongwa kwenye madini, kama 17 x 1.60 au 17 x 1.85, na jina la mtengenezaji. Lililo tupu, limepakwa rangi nzito na linauzwa kwa stika tu, liachwe dukani hata likipunguzwa bei.

Rangi yenyewe inastahili kushukiwa. Rimu iliyotumika, iliyonyooshwa na kuchomelewa, hupuliziwa rangi mpya na kurudi sokoni ikiwa inang'aa. Aluminiamu ya magurudumu hupata ugumu wake kwa kupashwa joto na kupozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea hulainisha eneo linalozunguka kovu. Fundi anaweza kuunganisha ufa ukaonekana safi. Nguvu iliyopotea hairudishi kwa kusaga na kupaka rangi. Mnunuzi mwangalifu hupitisha ukucha kwenye shina la kila mkono na kuitazama rimu kwa ndani, sehemu inayofunikwa na tairi, ambako wapaka rangi huwa wavivu.

Rimu za kromu zina adui mwingine, hewa ya bahari. Kunduchi, Mbweni na Bunju ziko karibu na maji, na chumvi hupenya penye mkwaruzo, kromu ikavimba na kubanduka kama magamba. Aluminiamu haipati kutu ya namna hiyo ingawa hufifia. Kwa usafi spoti rimu inashinda: hupanguswa kwa kitambaa, wakati spoku 36 zinahitaji mswaki na subira. Ila kuna mtindo wa kung'arisha magurudumu kwa dizeli au mafuta ya taa, na mafuta hayo yakiingia kwenye ngoma brekishuu huteleza. Pikipiki inayotoka sehemu ya kuoshea ikimetameta na kushindwa kusimama kwenye taa za kwanza imeandaliwa vibaya.

Taa za rangi zinazozungushwa ndani ya rimu huvuta macho kuliko rangi yoyote. Nyeupe au njano hazimsumbui mtu. Bluu na nyekundu zinazomweka ni jambo jingine, kwa kuwa vimulimuli vya namna hiyo ni vya polisi na magari ya dharura, na askari wa usalama barabarani hatakosa sababu ya kusimamisha chombo. Isitoshe, betri ya pikipiki ndogo ni ndogo, na nyaya zinazopelekwa kwenye kitu kinachozunguka hukatika haraka.

Kuhusu biashara, mvuto wa pikipiki iliyopigwa pamba upo kijiweni, ambako abiria huchagua kwa macho na pikipiki safi humpa imani kwamba dereva anajijali. Kwenye programu za simu kama Bolt mvuto huo hupungua sana: abiria huunganishwa na aliye karibu, akaiona rimu wakati safari imeshakubaliwa. Dereva anayetegemea simu zaidi ya kijiwe angefanya vema kuitumia hela hiyo kununua tairi mpya na kofia ngumu ya pili.

Kisha kuna suala la mwenye chombo. Sehemu kubwa ya bodaboda huendeshwa kwa mkataba: dereva hupeleka hesabu kwa bosi kwa muda waliokubaliana, na pikipiki huwa yake mwishoni. Mpaka siku hiyo magurudumu ni ya bosi. Dereva anayeuza rimu za spoku ili aongezee hela ya spoti rimu huwa ameuza mali isiyo yake, na mkataba ukivunjika katikati ugomvi huanzia hapo. Wenye busara huzihifadhi zile za zamani nyumbani, zikiwa zimepakwa grisi kidogo dhidi ya kutu. Zina kazi hata mkataba ukiisha salama, kwa sababu pikipiki iliyochoka mjini mara nyingi hununuliwa na mtu wa Mkuranga, Kisarawe au Rufiji, atakayebebea mkaa, mihogo na nazi kwenye njia za shamba. Mnunuzi wa namna hiyo huzitazama rimu za dhahabu, kisha huuliza kama zile za spoku bado zipo.